Kukata Neno kwa Silabi: Habari za Kifaransa na Midomo Yetu

Mjini Tunduma malori hupanga foleni mchana na usiku yakingoja kuvuka kwenda Nakonde. Mengi hayaishii Zambia. Hupita Mpika, Kapiri Mposhi na Chingola, hata yakafika Kasumbalesa, mlango wa nchi ya Kongo; na huko lugha ya karatasi za serikali ni Kifaransa. Vijana wetu wa Tunduma, Vwawa na Mlowo, walio madereva na utingo wa magari hayo, hurudi na habari nyingi. Mojawapo ni hii, kwamba maneno ya Kifaransa ni marefu mno hata hayasomeki, na kwamba mtu hutia sahihi yake chini ya maneno asiyoweza hata kuyatamka. Tena wako wanaosema kwamba Mwafrika akinena Kifaransa hukiharibu, kwa kuwa hubandika irabu mwishoni mwa kila neno, na kwa hiyo huchekwa.

Maneno hayo mawili nataka tuyachungue pamoja. La kwanza si kweli kwa mtu yeyote aliyefundishwa kusoma kwa silabi. La pili lina kweli ndani yake, lakini kweli hiyo ina historia ambayo wachekaji hawaijui.

Silabi ni kipande cha neno kitamkwacho kwa pigo moja la sauti. Katika Kiswahili, na vivyo hivyo katika Kinyiha na Kinyamwanga, kipande hicho karibu sikuzote huishia kwa irabu, yaani a, e, i, o au u. Tunduma hukatwa Tu-ndu-ma, wala hakuna mtoto wetu asemaye Tun-du-ma, maana nd kwetu ni kitu kimoja kishikamanacho na irabu ifuatayo. Vwawa lina herufi tano, lakini silabi zake ni mbili tu, Vwa-wa. Mbozi ni Mbo-zi. Bali mtu ni m-tu, kwa kuwa m ile husimama peke yake na kuhesabiwa silabi kamili. Na uzito wa sauti hukaa katika silabi ya pili toka mwisho: katika Tunduma ni ndu, katika Mbozi ni mbo. Mambo haya mtoto huyajua masikioni kabla hajajua jina la herufi hata moja, na mwalimu kazi yake ni kumwonyesha kwa macho jambo ambalo ulimi wake umekwisha kulishika.

Kwamba sauti ya neno si jambo dogo, kitabu cha Waamuzi kimetueleza katika sura ya 12. Watu wa Gileadi walipovishika vivuko vya Yordani, kila aliyetaka kuvuka aliamriwa aseme Shibolethi. Naye Mwefraimu, kwa kuwa hakuweza kuitoa sauti ile ya kwanza, alisema Sibolethi, akauawa. Walikufa wakati ule watu 42,000. Kivuko na mpaka ni ndugu. Leo hakuna auawaye mpakani kwa ajili ya sh na s, ila mtu asiyeweza kutamka neno lililoandikwa juu ya mzigo wake hukaa kimya mahali pale pale alipopaswa kuuliza swali.

Wengi hudhani kwamba kusoma ba, be, bi, bo, bu kulibuniwa na wamisionari kwa ajili yetu sisi, kama chakula laini cha watoto. Sivyo. Pwani yetu, kabla ya herufi za Kirumi, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mtoto chuoni alijifunza kwamba be kwa fataha ni ba, kwa kasiri ni bi, kwa dhuma ni bu. Hiyo nayo ni silabi. Na huko Ufaransa kwenyewe watu walihangaika miaka mingi kabla ya kulipata shauri hili. Kwa karne nyingi mtoto wa Kifaransa alianza kusoma kwa Kilatini, lugha asiyoisikia nyumbani, naye alifundishwa kwa majina ya herufi. Akikutana na neno bon, maana yake jema, alitaja be, kisha o, kisha en, ndipo akaamriwa aseme neno lenyewe. Lakini ni nani awezaye kulitoa neno bon katika be-o-en? Masikio yanakataa.

Mwaka 1660 wataalamu wawili wa Port-Royal, Antoine Arnauld na Claude Lancelot, walitoa kitabu cha sarufi, na ndani yake waliweka sura moja juu ya njia mpya ya kufundisha kusoma. Walishauri kwamba konsonanti isitajwe kwa jina lake, bali kwa sauti yake ikiungwa na irabu. Yasemekana shauri lenyewe lilitoka kwa Blaise Pascal, yule mwenye hesabu. Baada yao alikuja padre wa mji wa Reims, Jean-Baptiste de La Salle, mwenye kuanzisha Ndugu wa Shule za Kikristo, aliyefanya kazi kati ya watoto wa maskini. Kitabu chake cha kuongoza shule kilichapishwa mwaka 1720, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Humo aliagiza kwamba mtoto aanze kwa Kifaransa, lugha yake, wala si kwa Kilatini. Kwamba atoke kwenye ubao wa alfabeti aende kwenye ubao wa silabi, kisha apewe kitabu cha silabi. Na asivuke daraja moja kabla hajaliweza lile alilo nalo. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza katika wilaya ya Mbozi angeingia katika shule ya La Salle asubuhi moja, angejua mara moja watoto wamefika wapi.

Basi Wafaransa nao walilazimika kuyakata maneno yao ili watoto wao wayameze. Sasa na tuangalie jinsi maneno hayo yalivyofika kwetu.

Kwanza hayakuja na vitabu. Katika karne ya 18 Wafaransa walikuwa na visiwa viwili katika Bahari ya Hindi, Île de France, ambayo leo ni Mauritius, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Walilima huko mashamba makubwa, na wafanya kazi wao walikuwa watumwa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu wa bara walisukumwa pwani kwa ajili ya biashara ile, na si kila aliyepita njia hiyo alirudi. Hivyo mkutano wa kwanza wa Kifaransa na lugha zetu ulikuwa sokoni, na soko lile halikuwa la nguo peke yake.

Liko neno moja la Kifaransa ambalo kila Mkristo amelitamka, wala hakujua kwamba ni la Kifaransa. Neno hilo ni divai. Wenye kamusi hulitoa katika maneno mawili, du vin, maana yake kiasi cha divai. Mfaransa akitaka maji, mkate au chumvi hapendi kulitaja jina tupu. Hulitanguliza neno dogo kama du, lionyeshalo kwamba ataka kiasi tu. Wasiojua Kifaransa walisikia kipande kimoja kizima, wakakichukua kizima. Vivyo hivyo walifanya watu wa Mauritius katika lugha yao ya Krioli, kwa maana wao husema diven, na maji huyaita dilo, kutoka du vin na de l'eau. Mimi naona neno letu lafanana sana na lile la visiwani, na mabaharia na wachuuzi walikwenda na kurudi kati ya pande hizo mbili kwa muda mrefu.

Tazameni sasa jinsi ulimi ulivyofanya kazi yake. Katika du iko irabu ambayo Kiswahili hakina: weka midomo kama mtu apigaye mbinja, kisha useme i. Ulimi wa Mswahili uliacha kupiga mbinja, ukabaki na i, ikawa di. Katika vin iko irabu ipitayo puani, nayo kwetu haipo hivyo. Ulimi ukaitoa puani ukaifungua kwa irabu mbili, ikawa va-i. Silabi mbili za Kifaransa zikawa tatu za Kiswahili, di-va-i. Mtu asiyefikiri atasema kwamba neno limeharibiwa. Lakini sikilizeni uzito. Mfaransa huweka uzito wake katika silabi ya mwisho, naye husema du VIN. Sisi twaweka uzito katika silabi ya pili toka mwisho, nasi twasema di-VA-i. Uzito umekaa mahali pale pale! Irabu ile iliyoongezwa mwishoni ndiyo iliyoushika usihame. Hapo nitarudi, maana ndilo jambo kubwa la makala hii.

Mapadre walifuata njia ile ile ya baharini. Mnamo Desemba 1860 mapadre wa kwanza walitoka Réunion wakaja Unguja. Mwaka 1863 kazi yao ilitwaliwa na shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 wakajenga Bagamoyo. Katika shirika hilo alikuwamo Charles Sacleux, aliyefika Unguja mwaka 1879. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Alitoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, sarufi ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909, na mnamo 1939 kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, ambayo wataalamu wangali wakiifungua hata leo kwa sababu aliandika sauti za kila lahaja kama alivyozisikia, wala hakuzilazimisha zifanane na za Paris.

Upande wetu wa magharibi walikuja Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Charles Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza ulishuka pwani mwaka 1878, na mwanzoni mwa mwaka 1879 wengine walikuwa wamefika Ujiji. Mwaka 1885 walikabidhiwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kituo kilichokuwa cha Wabelgiji. Hapo Karema alifanya kazi Adrien Atiman, Mwafrika wa nchi za mto Niger, aliyekamatwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa uganga Malta, akawatibu watu wa ziwani tangu mwisho wa miaka ya 1880 hata akafa huko mwaka 1956. Na karibu nasi kabisa, ng'ambo ya mpaka, Mapadre Weupe walifika kwa Wamambwe mwaka 1891, na mwaka 1895 wakajenga Kayambi katika nchi ya Wabemba. Mkuu wao aliitwa Joseph Dupont. Jina hilo lina silabi mbili, Du-pont; t yake haitamkwi, na irabu zake zote mbili ni zile zile ngumu, ya mbinja na ya puani. Wabemba walimwita Motomoto, na jina hilo ndilo lililoandikwa leo juu ya mlango wa makumbusho ya Mbala.

Sasa nchi yetu ya Unyiha na Unyamwanga ilikuwa katikati. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mpaka, na Wanyamwanga wakajikuta pande mbili. Wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani walijenga Rungwe mwaka 1891 na Mbozi mwaka 1899, ambako Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha na kukiandika. Kusini yetu walikuwa Waskoti wa Livingstonia, na magharibi Wafaransa. Watu wa lugha tatu, kila mmoja na kalamu yake, wote wakisikiliza sauti zetu kwa masikio ya kwao. Mjerumani aliandika Muansa, Daressalam na Kilimandscharo. Mfaransa aliandika Oudjidji na Ounyamouézi. Mwingereza akaandika kwa njia yake. Sauti ni ile ile, ila katika Kifaransa herufi u peke yake ni ile irabu ya mbinja. Akitaka u yetu, Mfaransa hana budi kuandika ou. Ndiyo maana hata leo katika Kifaransa Uganda huandikwa Ouganda.

Fikirini Mfaransa asiyeijua nchi yetu akisoma kibao cha barabarani kiandikwacho TUNDUMA. Ataikata Tun-du-ma, si Tu-ndu-ma, kwa kuwa sheria yake humwambia atenge n na d. Na un kwake si u na n, bali irabu moja ipitayo puani. Kisha du ataipigia mbinja. Atatamka jina ambalo mwenyeji wa Tunduma hatageuka akiitwa nalo. Akisoma Songwe, ataipitisha on puani, na e ya mwisho ataimeza. Basi si sisi peke yetu tunaogeuza maneno ya wenzetu. Kila ulimi una mlango wake, na neno geni huingia kwa kuinama.

Mafarakano ya maandiko yalipungua upande wetu pale wakuu wa serikali na misheni walipokutana Mombasa mwaka 1928 na kukubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kongo haikuwamo. Huko Katanga Kiswahili kilikua chini ya Kifaransa cha Wabelgiji, katika migodi na miji yenye majina marefu. Lubumbashi iliitwa Élisabethville hata mwaka 1966, kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Likasi iliitwa Jadotville, na Kalemie iliitwa Albertville.

Majina hayo ni mahali pazuri pa kuanzia sheria ya Wafaransa. Sheria yao ya kwanza ni hii: konsonanti moja ikiwa kati ya irabu mbili huenda na irabu ya nyuma yake. Ndiyo sheria yetu! Élisabethville huanza É-li-sa, kama vile sisi tungekata. Capitaine, yaani kapteni, ni ca-pi-taine. Université, yaani chuo kikuu, ni u-ni-ver-si-té. Mwingereza hukaza silabi moja ya neno na kuzifinya nyingine hata zisisikike. Mfaransa hatendi hivyo, bali huzipa silabi zake haki karibu sawa, moja baada ya moja, kama mtu ahesabuye shilingi, na ya mwisho huirefusha kidogo. Kwa jambo hili Mswahili yu karibu na Mfaransa kuliko alivyo karibu na Mwingereza, au na Mjerumani. Watu wa pande za Kasanga wakati wa Wajerumani waliishi na jina Bismarckburg. Likate: Bis-marck-burg. Silabi tatu, na kila moja imefungwa kwa konsonanti kama mlango wenye komeo. Kifaransa hupenda milango iliyo wazi.

Konsonanti mbili zikifuatana, hutengwa: partir, kuondoka, ni par-tir. Lakini ya pili ikiwa l au r, mara nyingi hushikana na mwenzake, kama sisi tusemavyo pla na bra: tableau, ubao, ni ta-bleau, si tab-leau. Na herufi ziandikwazo mbili zikatoa sauti moja hazitengwi kamwe. Ch ni sh yetu, gn ni ny yetu, ph ni f. Montagne, mlima, ni mon-ta-gne, nayo husikika kama mo ya puani, kisha tany.

Mahali ambapo wengi hupotea ni penye n na m. Irabu ikifuatwa na n, kisha silabi ikafungwa hapo, n hiyo haitamkwi. Huigeuza tu irabu ipite puani. Bon ni o ya puani. Lakini ikija irabu baada ya n, pua hufungwa na n hurudi kuwa n: neno lile lile kwa mwanamke huwa bonne, na hutamkwa bon kama Mswahili angelisoma kwa herufi zake. Mtu aliyekwisha kujua kukata silabi atajua mara moja kwa kuangalia kilicho nyuma ya n. Asiyejua kukata atabahatisha mpaka mwisho wa maisha yake.

Kisha zipo herufi za mwisho, ambazo Mfaransa huziandika kwa uaminifu na kuziacha kimya. Jadotville haitamkwi Ja-dot-vil bali Ja-do-vil, na j yake ni laini, sh iliyotiwa sauti. Albertville ni Al-ber-vil. Katika Élisabethville, s iliyo kati ya irabu mbili ni z, th ni t tu, na e ya mwisho haisikiki: e-li-za-bet-vil, silabi tano. Wakati mwingine herufi iliyokuwa kimya hufufuka: les amis, yaani marafiki, si le, a-mi, bali le-za-mi, kwa kuwa s ya kwanza imepata irabu ya kuegemea, ikaenda nayo. Hapo tena ni sheria ile ile ya kwanza, ikivuka hata mpaka wa maneno mawili.

Sasa narudi kwenye irabu tunazobandika. Neno chemise, vazi la ndani, kwetu ni shimizi. Mchekaji husema, Mfaransa ana silabi mbili, she-MIZ, na Mswahili ameongeza ya tatu asiyoombwa. Lakini angalieni neno lilivyoandikwa. Che-mi-se! Ile e ya mwisho iko pale, nayo haikuwekwa na Mswahili. Zamani Wafaransa waliitamka. Mashairi yao ya kale huihesabu kuwa silabi ikifuatwa na konsonanti. Na watu wa kusini mwa Ufaransa, pande za Marseille, wengi wangali wakiitamka hata leo. Shi-mi-zi ina silabi tatu kama ilivyoandikwa, na uzito wake u katika mi, mahali Mfaransa auwekapo. Neno mashine ndilo machine, ambalo Waingereza na Wajerumani nao walilipata kwa Wafaransa: ma-CHINE, ma-SHI-ne. Uzito haukuhama. Ni kwa sababu Mfaransa hukaza mwisho, nasi hukaza kabla ya mwisho. Tukiongeza irabu moja, mwisho wake huwa kabla ya mwisho wetu. Hakuna mtu aliyekaa barazani akalipanga jambo hili. Ulimi ulilipata wenyewe.

Sitadai kwamba huwa hivyo sikuzote. Neno likiwa limekwisha kuishia kwa irabu, hatuna la kuongeza, na uzito hurudi nyuma. Bureau, ofisi, Mfaransa hukaza mwisho; msemaji wa Kiswahili cha Katanga husema biro, akakaza bi. Mbinja imepotea na uzito umehama. Mtu atakaye kunena Kifaransa chenyewe na Wafaransa hana budi kuyajifunza hayo upya, wala asijitetee kwa shimizi. Kuazima neno ni kazi moja, kujifunza lugha ni kazi nyingine. Na nionavyo mimi, wachekaji na wachekwao wote wawili huzichanganya.

Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na magari ya Tunduma yaendayo huko si machache. Kwa hiyo nitaweka hapa maneno manne ya karatasi za forodha, dereva ayasome pole pole kabla hajatia sahihi. Marchandise ni bidhaa: mar-chan-di-se kwa macho, mar-shan-diz kwa sikio, na an ya katikati hupita puani. Déclaration ni taarifa ya mzigo: dé-cla-ra-tion, na tion hutamkwa syo ya puani, isipokuwa ikitanguliwa na s, kama katika question, swali, ambapo t hubaki t. Dédouanement ni kuutoa mzigo forodhani. Hili huogofya kwa urefu, lakini oua ni wa tu, e ya katikati humezwa, na nt ya mwisho iko kimya: de-dwan-ma, ma ile ikipita puani. Silabi tatu! Immatriculation ni kuandikishwa kwa gari: im-ma-tri-cu-la-tion, silabi sita, na kila moja Mnyiha wa darasa la pili aweza kuitamka, isipokuwa cu yenye mbinja na ile ya mwisho.

Na kama mtu ataka kujipima, liko neno ambalo Wafaransa wenyewe hulitaja kwa kujivunia urefu wake, anticonstitutionnellement, lenye herufi 25. Maana yake ni kwa njia iliyo kinyume cha katiba. Likate: an-ti-cons-ti-tu-tion-nel-le-ment. Meza ile e ya le, na silabi zitakazosikika ni nane. Neno letu hatutawarudishia nalo lina silabi nane, ha-tu-ta-wa-ru-di-shi-a, na mtoto wa darasa la pili hulisoma akiwa anaangalia dirishani.